Muko Koko Tu

Chaki ya mwenzangu ilikuwa imebaki fupi kama kidole gumba, kaizungushia karatasi ya kaye, yaani daftari, isimchafue mkono. Kirumba, huku Lubero mashariki mwa Kongo, ilikuwa bado ndani ya ukungu. Barabara kubwa ya kwenda Butembo tuliisikia bila kuiona, malori yakipanda kilima kwa gia ya kwanza, na harufu ya maharage yaliyoinjikwa mapema ikatufuata kila ua tulioingia. Mimi nilibeba ubao wa kuchorea ramani. Yeye alibeba kaye, biki mbili, na utepe wa kupimia mikono ya watoto. Ilikuwa mwaka 2022, miaka miwili kabla waasi wa M23 hawajaingia Kirumba mwishoni mwa Juni 2024, nasi tulikuwa katika enkete, utafiti mdogo wa lishe na vifo, kazi ya siku chache ya shirika moja.

Nyumba ya nne, mama wa nyumba alitukalisha kwenye benchi, akajibu kabla hajaulizwa: wako saba. Akawataja. Yeye, mume wake, watoto wanne, mdogo wa mume anayesoma. Mtu mwingine angefunga kaye akaenda nyumba ya tano, maana orodha ya siku ilikuwa ndefu na mvua ya Lubero haingoji mtu amalize kazi. Yeye aliandika majina saba taratibu, akasifia maharage, kisha akauliza kama mtu anayepiga soga:

"Mama, jana mangaribi mulipakua sahani ngapi?"

"Munane."

"Ya munane ilienda wapi?"

Mama akaonyesha kwa kidevu kijumba cha udongo nyuma ya migomba. "Mule nyuma."

"Mule muko nani?"

"Mule hamuna batu," akasema mama bila ubaya wowote. "Muko koko tu."

Jibu hilo nimelifikiria kuliko takwimu zote tulizokusanya wiki ile. Mama yule hakuwa anamdharau koko, kama tunavyowaita bibi na babu zetu. Sahani ya koko, tulikuja kujua, hupakuliwa kwanza, kabla ya ile ya mume. Alichokuwa anajibu ni swali alilolizoea. Kwa miaka mingi kila mwenye kaye aliyepita Kirumba ameuliza watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wanaonyonyesha. Kwao kukaja chandarua, chanjo, unga wa uji. Kwa koko hakukuwahi kuja kitu. Mama alikuwa amejifunza kwa wenye kaye wenyewe nani ni mtu wa kuandikwa, na akatuokolea muda.

Nimefanya kazi na wadadisi wengi, na wengi ni wepesi kuliko mwenzangu huyu. Ila sijaona mwingine mwenye mpangilio wa maswali kama wake. Hauanzi kamwe na "muko wangapi", kwa sababu swali hilo linaita jibu ambalo mwenye nyumba amekwisha kulitayarisha. Akikuta limejibiwa, kama asubuhi ile, analiacha lipite na kulizunguka kwa nyuma. Nani alilala hapa jana? Vitanda vingapi, mikeka mingapi? Sahani ngapi? Kuna mtu anayepelekewa chakula? Kuna mtu ambaye mgeni akija haitwi kusalimia? Swali hilo la mwisho halipo kwenye fomu yoyote. Alilitunga mwenyewe, baada ya kukuta, katika ua mmoja kule Kayna, mzee aliyefungiwa chumbani kwa sababu akili yake ilikuwa imeanza kupotea na familia iliona haya.

Kwa fomu, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Maelezo hayo ni mazuri mpaka ufike kwa wazee. Siku ya pili tulikuta koko mwenye wana watatu waliojenga jirani, wakiwa wamekubaliana: wiki moja anakula kwa mkubwa, ya pili kwa wa kati, ya tatu kwa mdogo. Vyungu vitatu, koko mmoja. Nyumba mbili kati ya hizo zilikuwa kwenye sampuli yetu. Mkubwa akasema wiki hii si yake. Mdogo akasema koko ni wa kaka mkubwa, ndivyo desturi ilivyo. Ukifuata midomo yao, koko hayupo popote. Ukiwa mwepesi wa kuandika, yupo mara mbili. Mwenzangu alikaa pale karibu nusu saa. Hakuuliza tena habari ya chakula. Aliuliza usiku, baridi ikizidi, ni nani anayewasha moto kwa koko. Wote wakamtazama mke wa mwana wa kati, ambaye nyumba yake haikuwa kwenye orodha yetu. Basi koko hakuandikwa. Nilishangaa, maana nilidhani amehangaika ili amuingize. Akaniambia tukiwa njiani kwamba kazi yake si kuongeza watu, ni kumweka kila mtu mahali pake. Nyumba ile ingetoka kwenye kura, koko angetoka nayo.

Hapo ndipo nilipomheshimu kabisa.

Enkete kubwa za afya za serikali ya Kongo, zile za EDS, zimefanyika 2007, 2013-14 na 2023-24. Katika nchi ambayo sensa yake ya mwisho ni ya Julai 1984, tunazishukuru. Lakini ziliundwa kumtazama mama mzazi na mtoto wake. Mwanamke huketishwa na kuhojiwa yeye mwenyewe akiwa na miaka 15 hadi 49, mwanamume 15 hadi 59. Koko wa nyuma ya migomba hupata mstari mmoja kwenye orodha ya kaya: jina, uhusiano na mkuu wa nyumba, jinsia, umri, kama alilala hapo jana. Hata umri wenyewe una dari. Mwenye miaka 95 na kuendelea huandikwa 95, awe na 96 au 104. Magoti yake, macho yake, shinikizo la damu, usiku anaokesha akikohoa, mara nyingi hakuna anayeuliza.

Na huyo ni koko mwenye bahati, kwa kuwa yuko ndani ya kaya. Enkete za namna hii huchukua kaya za kawaida peke yake. Kambi ya askari, gereza, bweni, nyumba ya watawa, nyumba ya kutunzia wazee, zote hurukwa tangu siku ya kuorodhesha milango. Sababu yenyewe si chuki. Sampuli imejengwa juu ya milango, kila mlango una nafasi yake ya kuchaguliwa, na nyuma ya mlango mmoja kunatarajiwa watu watano, saba, kumi. Mlango wa nyumba ya wazee una arobaini, wote wa umri mmoja na maradhi yanayofanana. Ukiuhesabu kama mlango wa kawaida umeiharibu mizani. Unahitaji orodha yake peke yake, uzito wake peke yake katika hesabu, na fedha zake.

Sensa haina shida hiyo. Ile ya Tanzania, usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, ilikuwa ya kila aliyelala nchini, nyumbani, hospitalini, gerezani au kwenye makazi ya wazee kama Sebleni na Welezo kule Unguja. Jumla ikawa watu 61,741,120. Ila sensa huja mara moja katika miaka kumi na haikai kumuuliza mtu habari za kikohozi chake.

Nchi tajiri zina nyumba za wazee nyingi, na enkete zao hazikuwa na nafuu sana. Uingereza ilipoanza kupima maambukizi ya korona kwa enkete kubwa ya takwimu mwaka 2020, iligonga milango ya nyumba binafsi. Walio katika nyumba za wazee hawakuwemo. Hata hesabu ya kila siku ya vifo iliyotangazwa na serikali haikuwajumuisha mpaka mwisho wa Aprili mwaka huo. Ufaransa ilikuwa imeanza kuwataja mwanzoni mwa mwezi uleule. Tarehe 23 Aprili 2020 Hans Kluge, mkuu wa Shirika la Afya Duniani kwa Ulaya, alisema hadi nusu ya waliokufa kwa korona katika eneo lake walikuwa wakaazi wa makazi ya kutunzia watu. Waliokuwa wanakufa kwa wingi ndio waliokuwa nje ya orodha. Na si kwamba ufundi ulikosekana: enkete ya afya ya England ya mwaka 2000 ilikwisha kuingia ndani ya nyumba za wazee kuwahoji, na pale mzee aliposhindwa kujibu, wakamuuliza aliyemjua. Njia ilikuwepo, imelala kabatini.

Kirumba nyumba ya wazee ndiyo hiki kijumba cha nyuma. Imetawanywa ua kwa ua, haina kibao wala mlinzi, na mtu wa kujibu kwa niaba ya mzee ni mkamwana. Mkamwana ni shahidi mwema mwenye kasoro zake. Ukimuuliza kama koko anaona, atasema anaona, kwa sababu koko anamjua kila anayeingia uani. Mwenzangu alipenda kupeleka swali lilelile kwa koko mwenyewe, baada ya kumsalimia kwa Kinande na kuchuchumaa chini ya usawa wa macho yake. Kuna maswali mafupi sita yanayotumika sasa duniani kote kuhusu ulemavu, ya Kundi la Washington: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuelewana na wengine. La kwanza huuliza kama mtu ana shida ya kuona hata akivaa miwani. Koko wa Kirumba hajawahi kumiliki miwani. Nimewasikia wadadisi wakilisoma neno kwa neno, na koko akicheka. Yeye alisema, "Koko, mtu akikuita kutoka kule kwenye migomba, unamjua kwa sura au kwa sauti?" Akajibiwa kwa sauti. Fomu yetu haikuwa na mahali pa kuandika jibu hilo. Aliliandika pembeni ya karatasi, kwa herufi ndogo, kama alivyoandika mengine mengi ambayo sidhani kama yaliwahi kufika kwenye kompyuta.

Kisha, katika kijumba kile cha nyumba ya nne, ukaja umri, na hapa niliweka chini ubao wangu nikakaa vizuri.

Mkamwana alisema koko ana miaka mia moja. Mjukuu akasema tisini. Wadadisi wa haraka hugawa tofauti, au huandika 80, kwa kuwa 80 inaonekana ya heshima. Ndiyo maana ukichora umri wa watu kutoka enkete yoyote ya kwetu, unaona vilima vimeinuka kwenye 60, 65, 70, 80, na mabonde katikati, kana kwamba wanawake wa Lubero walikubaliana kuzaa kila baada ya miaka mitano. Mmarekani George Whipple alitunga kipimo cha kosa hilo zaidi ya miaka mia iliyopita: 100 ikiwa watu hawapendelei namba yoyote, 500 ikiwa kila mmoja ametaja umri unaoishia na sifuri au tano. Ofisini hukipiga kipimo hicho baadaye, na mdadisi aliyelala usingizi hujulikana.

Mwenzangu hakulala. Ndani ya kaye alikuwa amebandika kalenda ya matukio, karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Uhuru, 30 Juni 1960. Uasi wa Mulele, 1964. Kataliko kuwa askofu wa Beni, 1966. Nchi kuitwa Zaire, 1971. Maduka ya wageni kuchukuliwa, 1973. Noti kufutwa, 1979. Wakimbizi wa Rwanda, 1994. Kabila na AFDL, 1996. Kila shirika lina kalenda kama hiyo. Tofauti ni namna ya kuitumia. Hakumuuliza koko alikuwa na miaka mingapi wakati wa uhuru, swali ambalo halina jibu kwa mtu asiyepata kuhesabu miaka yake. Alimuuliza alikuwa amebeba nini.

"Baba Kataliko alipofanywa askofu, koko, ulikuwa umekwisha kuolewa?"

"Nilikuwa na mtoto mugongoni."

"Gani?"

"Kasereka."

Mnande anayesikia hivyo amekwisha kupata nusu ya hesabu. Kwetu jina la kwanza la mtoto hufuata zamu ya kuzaliwa: kwa wavulana Paluku au Mumbere ni wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, Mbusa wa sita. Msichana wa kwanza ni Masika. Kasereka akiwa mgongoni mwaka 1966, kuna wavulana wawili waliomtangulia. Mwenzangu akauliza Masika alikuja lini. Koko akasema kabla ya Kambale. Basi Kasereka alikuwa uzazi wa nne. Weka miaka miwili na nusu kati ya mtoto na mtoto, rudi nyuma, unafika 1957 au 1958 kwa Paluku, toa miaka 18 ya usichana, unagusa 1940. Akamrudisha tena kwa Mulele ili ahakikishe: wakati wa kukimbilia porini nani alitembea kwa miguu yake na nani alibebwa? Watoto wakajipanga vilevile. Akaandika 82.

Nilimuuliza kwa nini asiandike 80, kwani yote ni kukisia. Akasema 82 inaweza kuwa kosa lake, na yuko tayari kuulizwa; 80 ni kosa lisilo na mwenyewe.

Majina hayo ya zamu yana kazi nyingine, nzito zaidi. Koko aliwataja watoto wake: Paluku, Masika, Kambale, Kasereka, Katembo. Mdadisi asiye wa huku angeandika watano. Mwenzangu aliinamisha biki, akangoja kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, "Na Kakule?" Koko akakaa kimya muda mrefu. Kisha akamtaja. Kuna mambo ambayo fomu iliyotungwa mbali haiwezi kuyajua, na mtu aliyezaliwa penye lugha anayasikia kama pengo kwenye meno. Sifa hii naitoa kwa tahadhari, maana pengo lilelile linaweza kuguswa kikatili. Yeye hakuandika chochote mpaka koko alipomaliza kufuta macho kwa ncha ya kikwembe. Kakule wa miaka hiyo hakuhitajika hata kwenye enkete yetu, iliyouliza vifo vya miezi mitatu tu. Alimuuliza kwa kuwa koko alikuwa amemruka, na hakutaka kuondoka akiwa ameshiriki kumruka.

Vifo vya karibuni ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Hesabu yake ni rahisi kuielewa na rahisi kuiharibu. Mpaka wa dharura unaotumika ni kifo kimoja kwa watu 10,000 kwa siku. Ukiwa na watu 3,000 kwenye sampuli na unauliza siku 90, mpaka huo ni vifo 27. Sasa chukua wazee watano waliokufa katika vijumba vya nyuma, ambao hakuna aliyeona sababu ya kuwataja, kwa kuwa koko kufa si habari, amekula chumvi yake. Vifo 27 vinakuwa 22. Karatasi inayokwenda Kinshasa na Geneva itasema hali si ya dharura. Les Roberts na wenzake wa International Rescue Committee walipoanza kupima vifo mashariki mwa Kongo mwaka 2000, na baadaye shirika hilo likakadiria watu milioni 5.4 waliokufa kupita kawaida kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007, wataalamu wengine walizipinga namba zao, hasa hiyo "kawaida" iliyotumika kulinganishia. Mabishano yalikuwa ya haki. Lakini kubwa au ndogo, kila namba ya aina hiyo ilianzia kwenye benchi kama lile letu, kwa mtu mmoja aliyeuliza swali moja zaidi au aliyechoka akaliacha. Na nyumba ambayo wote wamekwisha haina hata wa kufungua mlango.

Usifikiri benchi lenyewe hupatikana bure. Baada ya Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200, mtu mwenye kaye huku kwetu hatazamwi tena kama zamani. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Aprili mwaka huohuo Daktari Richard Mouzoko aliuawa Butembo akiwa kazini. Kwa hiyo mwenzangu hakuvaa fulana ya shirika. Alipitia kwanza kwa nyumbakumi, akatembea naye wazi barabarani waonekane, na katika kila ua alikubali alichopewa, hata kama ni kikombe cha tatu cha chai asubuhi hiyo. Dakika kumi za salamu kwa kila nyumba. Msimamizi wetu alizihesabu kama uvivu.

Turudi kwenye kijumba. Alipomaliza umri, aliangalia mstari wa nane kwenye orodha. Mkamwana alikuwa ametaja jina: "Koko". Mwenzangu alikuwa ameliandika kwa muda, kwa kulaza biki. Sasa akamuuliza mwenye kijumba jina lake mwenyewe, lile la kuzaliwa na lile la ubatizo. Koko akayataja yote mawili, polepole, akirudia la ubatizo mara mbili ili liandikwe sawasawa. Mkamwana, aliyekuwa akipepeta maharage nje ya mlango, akaacha kupepeta, akageuka kumtazama.

Tulipotoka, mimi nilikuwa nimekwisha kuchora kijumba kwenye ramani kama jiko. Nikafuta. Yeye akainama kuandika namba mlangoni. Mbao zilikuwa mbichi kwa ukungu, chaki haikushika. Akapangusa ubao kwa mkono wa sweta, akangoja ukauke kidogo, akaandika tena.